Asumini ya Wete

Wengi katika wasomaji wetu wana kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, na hapo hapakosekani chungu au kopo lenye mrehani, muhina au asumini. Tumeonelea mwezi huu tuwasimulie khabari ya safari yetu ya Pemba, ambayo haikuwa ya biashara wala ya arusi, bali ya kutafuta kijiti kimoja cha asumini. Huenda baadhi yenu mkacheka. Nasi tulichekwa nyumbani siku tulipofunga safari.

Asili ya mambo ni hii. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mashina mawili ya asumini katika nyumba yetu ya Unguja mjini. La kwanza lilikuwa la asumini ya kawaida, ya tabaka moja, ambayo kila mtu anaijua. La pili lilikuwa la tabaka nyingi, ambalo ua lake hujikunja mfano wa waridi dogo, na moja tu likitiwa katika kikombe cha maji chumba kizima hunukia. Mtaani petu hapakuwa na mwingine aliyekuwa nalo.

Baada ya mama kufariki, binti wa jirani alitujia akatuomba kijiti akapande. Tukamwambia aje siku nyingine. Alipokuja tena tukamwambia shina halijakomaa. Haikuwa kweli, tulipenda tu kuwa nalo peke yetu. Mwaka 2009 tukaongeza chumba, fundi akamwaga zege hadi shinani, na kabla ya mwezi kwisha shina lile lilikuwa limenyauka. Tukazunguka nyumba hata nyumba kuulizia, na kila tulipouliza tulijibiwa, "Si lilikuwa kwenu, Maalim?"

Hapa yafaa msomaji aijue tabia ya mmea huu. Asili ya asumini yetu ni Bara Hindi na nchi za jirani, na jina lake tumelipokea kwa Waarabu, nao kwa Waajemi. Wafilipino waliifanya kuwa ua la taifa lao mwaka 1934, na Waindonesia wakafanya hivyo mwaka 1990. Lakini pamoja na kuenea kote huko, asumini hii ni nadra kuzaa mbegu, na ile ya tabaka nyingi hatujapata kuiona na mbegu hata moja. Ndege haibebi, wala upepo hauipeperushi. Kila shina unaloliona limetoka katika mkono wa mtu aliyekata kijiti akampa mwenziwe. Mikono ikifumba, nayo imekwisha.

Mwaka 2021 jamaa yetu mmoja alitwambia kuwa shina kama lile la mama lipo Wete, nyumbani kwa mama yetu mdogo. Khabari ile ilitufurahisha na kututahayarisha kwa pamoja, kwani miaka kumi na miwili ilikuwa imepita bila ya sisi kwenda kumzuru. Mwezi wa Disemba, madrasa ilipofungwa, tukapanda boti mpaka Mkoani, na kutoka hapo tukashika njia ya kaskazini.

Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na wakati ule karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini kandokando ya njia, harufu yake ikiingia garini. Tukakumbuka tufani ya mwaka 1872, ambayo iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Tukasema nafsini mwetu: kumbe si mara ya kwanza kitu kupotea Unguja kikaonekana Pemba.

Wete ni mji uliokaa juu ya kilima, bandari yake chini. Tulipiga hodi baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeijua njia?"

Hatukuwa na jibu. Akatuchukua nyuma ya nyumba, na hapo tukaliona shina lenyewe, limejaa matumba. Tukamwuliza amelipata wapi.

"Kwa mama yako. Alinipa vijiti vitatu, akaniambia kimoja changu, viwili nimpe atakayeomba. Nami hufanya vivyo hivyo."

Usiku ule maua yalipofunguka tulikaa naye kibarazani mpaka saa nne tukizungumza. Asubuhi akatukatia vijiti vitatu, akavifunga katika kitambaa kibichi, akasema, "Kimoja chako. Hivi viwili si vyako."

Leo mashina ya namna zote mbili yapo kwetu, nasi tumeyalinganisha. Asumini ya tabaka moja hukua upesi, matawi yake hutaka kuegemezwa, na katika joto la kaskazi hutoa maua mengi kila jioni. Ua lake hufunguka baada ya magharibi, na kesho yake huanguka. Hii ndiyo ifaayo kwa vikuba na kitanda cha maharusi, nayo ichumwe alasiri ingali tumba. Ama ile ya tabaka nyingi hukua polepole, hukaa fupi na wima, na maua yake ni machache. Hayaanguki upesi, bali hukaukia mtini, basi hapana budi kuyaondoa kwa mkono. Mwenye haraka na apande ya kwanza. Mwenye subira na apande zote mbili.

Kijiti kisiwe kichanga wala kigumu. Urefu wake uwe nusu shubiri au kuzidi kidogo. Ondoa majani ya chini, uzike vifundo viwili katika mchanga uliochanganywa na udongo mzuri, ukiweke kivulini, na unyevu usikatike wala maji yasituame. Mizizi hutoka kwa wiki nne hadi sita. Kikishika, kipe samadi iliyooza na jua la kutosha. Maua yakipungua, punguza matawi, kwani asumini huchanua katika machipukizi mapya.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa apewaye rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuchukulika na harufu yake ni nzuri. Ikiwa mpewaji hafai kukataa, sembuse aombwaye?

Vile vijiti viwili tulivipeleka sote, mimi na mke wangu, kwa yule binti wa jirani, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, na wawili kati yao ni wanafunzi wetu. Tukamweleza yaliyokuwa, tukamwomba radhi. Alicheka, akaita watoto walete chungu. Shina lake lilichanua kabla ya letu.