Kurunzi ya Akko

Ikiwa ulilelewa mjini, ambako mwanga hupatikana kwa kubonyeza kitufe ukutani, yawezekana kurunzi kwako ni chombo cha kukumbukwa siku umeme unapokatika tu. Nakuomba uniazime fikira zako kidogo twende Korbesa, katika nchi ya Waborana, bonde la mto Ewaso Nyiro upande wa Merti, ambako nilizaliwa. Neno korbesa katika lugha yetu ni beberu, na kwa kweli mbuzi ndio waliotulea. Usiku wa huko, mwezi usipokuwapo, mtu hunyosha mkono mbele ya uso wake asiuone. Kwa hiyo kurunzi ilihesabiwa pamoja na fimbo na kibuyu cha maziwa, miongoni mwa vitu ambavyo mtu mzima halali kabla ya kujua viko wapi.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita akko, alikuwa na kurunzi moja ya plastiki yenye taa tatu ndogo nyeupe na betri mbili. Betri zilipoanza kuchoka alizianika juani juu ya jiwe, kama wafanyavyo wengi, wala hakukosea, kwa maana joto huipa betri kuukuu uhai wa muda mfupi. Walakini uhai huo ni wa kuazima, na mwenye kukopesha hudai wakati mbaya.

Mwaka 2011 ukame mkubwa uliipiga Afrika ya Mashariki. Mbuzi walikonda wakabaki mifupa, na fisi nao walikuwa na njaa kama sisi. Usiku mmoja tulisikia ua wa miiba ukivunjika. Akko alitoka mbio na kurunzi yake, nami nyuma yake. Alipoiwasha ilitoa mwanga hafifu wa kumulika vidole vya miguu yake tu. Tulipiga kelele, tukarusha mawe gizani, tukisikia mbuzi wakilia upande huu na upande ule bila kujua twende wapi. Kulipokucha tulikuta wanne wamekwisha. Mmoja wao alikuwa yule ambaye maziwa yake yalimlisha mdogo wangu, mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Sitakusimulia miezi iliyofuata. Mtoto alipona, lakini mama yangu hakuwa mtu wa kucheka tena mpaka mvua iliponyesha.

Asubuhi ile nilizitoa zile betri mbili nikazitupa kichakani kwa hasira. Miaka miwili baadaye, nikiwa mwanafunzi wa sekondari katika mji wa Isiolo, nilitambua kwamba nilizitupa zikiwa na chakula ndani.

Niruhusu nieleze. Taa nyeupe ya aina ya LED huhitaji volti zipatazo 3 ndipo iwake vizuri. Betri kavu iliyo mpya ina volti 1.5, na mbili zikipangwa kichwa kwa mkia hutoa 3. Zikitumika hushuka polepole; zikifika volti 1 kila moja, jumla yake ni 2, na taa hukataa kuwaka. Mwenye kurunzi hudhani betri zimekufa, kumbe taa ndiyo iliyoshindwa kuzifikia. Kinachohitajika ni mjumbe wa kusimama kati ya betri na taa, auchukue umeme kama ulivyo na kuukabidhi kama unavyotakiwa. Mjumbe huyo ni kibamba cha saketi, na mafundi humwita kiendeshi.

Mwaka huohuo wa 2013 habari za Richard Turere zilienea. Alikuwa kijana Mmasai aliyekulia kando ya mbuga ya wanyama ya Nairobi, ambaye alipokuwa na umri wa miaka 11 alitunga taa za kumwaka kwa zamu kuzunguka boma la ng'ombe, ili simba adhani kuna mtu anayetembea na kurunzi. Alitumia betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kifaa cha indiketa ya pikipiki na taa za kurunzi zilizovunjika, na hadithi yake aliisimulia mwenyewe mbele ya watu Marekani. Mimi nilifurahi hasa kusikia kwamba aliwahi kuibomoa redio mpya ya mama yake, kwa sababu dhamiri yangu ilikuwa na deni la namna hiyohiyo.

Karibu na soko la Isiolo palikuwa na fundi wa simu aliyeniruhusu kuketi kibandani mwake siku za Jumamosi, mradi nimfagilie. Yeye ndiye aliyenichorea kiendeshi changu cha kwanza nyuma ya karatasi ya sigara. Mafundi wa Ulaya wamekibandika jina la utani, mwizi wa jouli, kwa kuwa huiba tone la mwisho la nguvu lililomo katika betri. Vipande vyake ni vitano tu ukiihesabu betri: pete ndogo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa nyaya mbili, transista moja, rezista moja ya omu 1,000, na taa yenyewe. Transista huruhusu umeme na kuuzuia maelfu ya mara katika sekunde moja. Umeme unapopita, pete hujaa nguvu ya sumaku. Unapozuiwa, nguvu hiyo huporomoka na kuisukuma volti juu kupita ile ya betri. Hivyo taa ya volti 3 huwaka kwa betri moja iliyochoka. Huwaka na kuzimika, lakini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Kuchora ni rahisi. Kazi ni kuvipata vipande. Pete niliipata ndani ya kitako cha balbu mbovu ya kuokoa umeme, na hapa nakuonya, msomaji: kile kibomba cha kioo cha balbu hiyo kina zebaki, usikivunje, na kapasita iliyomo kitakoni huweza kukaa na umeme wa kukutupa chini hata baada ya balbu kung'olewa. Rezista niliitambua kwa mistari yake ya rangi, kahawia, nyeusi na nyekundu. Waya wa shaba niliufungua kutoka katika mota ya gari la kuchezea. Transista niliichomoa katika redio iliyokufa, kwa chuma cha kulehemu ambacho nilikipasha moto juu ya jiko la makaa.

Nilipomaliza kuunganisha, hakikuwaka. Nilikibomoa nikakiunda upya, hakikuwaka. Jumamosi tatu zilipita hivyo, nami nikaanza kuichukia karatasi ile ya sigara. Jumamosi ya nne fundi alikichukua kibamba changu, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Kijana, hii miguu ya transista umeiuliza majina yake?"

"Fundi, nimefuata mchoro wako," nilimjibu.

"Mchoro wangu ni wa BC547. Hii uliyoweka ni C945."

Zote mbili ni ndogo, nyeusi na zina miguu mitatu. Mtu hawezi kuzitofautisha ila kwa kusoma maandishi yaliyofifia kwenye vifua vyake. Lakini BC547, upande wake bapa ukikutazama, miguu yake kutoka kushoto ni kolekta, besi na emita. C945 ni emita, kolekta na besi. Niliigeuza miguu, na bado taa ikabaki giza. Fundi akacheka, akaenda kunywa chai, akaniacha. Nilikaa nikiitazama pete mpaka nikaona kosa la pili: nyaya mbili zilizozungushwa pamoja lazima ziunganishwe mwanzo wa moja kwa mwisho wa nyingine, ili zishindane. Zangu zilikuwa zikikubaliana. Niliziungua nikazibadilisha ncha, na taa ikawaka kwa betri ambayo fundi mwenyewe alikwisha itupa chini ya meza. Aliporudi na chai yake sikuwa na neno la kusema.

Mwanga ule ulikuwa mzuri lakini mdogo, haukuweza kufika uani. Ndiyo sababu nilitafuta kiendeshi cha pili, cha betri ya lithiamu iliyotoka katika kompyuta ya mkononi iliyoharibika. Betri hiyo ikijaa ina volti 4.2, nayo nguvu yake si ya mchezo. Niliiunganisha moja kwa moja na taa kubwa, na taa ikang'aa kwa fahari, ikapata joto, na kadiri ilivyopata joto ikazidi kuvuta umeme, mpaka ikaungua. Hapakuwa na wa kulaumiwa ila mimi. Ilinibidi nitafute kipande kiitwacho AMC7135, ambacho ni kidogo kuliko punje ya mahindi na kazi yake ni moja: hupitisha miliamperi 350 na hakizidishi, betri ikiwa imejaa au imepungua. Mjini Isiolo hakikupatikana. Nilimwandikia jina lake kwenye karatasi mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Nairobi, apite maduka ya Luthuli Avenue. Alirudi na kitu cha miguu mitatu kilichofanana nacho kwa miguu tu. Hatimaye nilikikuta bure, ndani ya kurunzi iliyopasuka kioo, katika taka za fundi wangu. Nilikata kibamba cha redio kuukuu, nikaikwaruza shaba yake kwa kisu mpaka ikabaki njia ninayoitaka, nikakilehemu hapo.

Likizo ya Desemba nilipanda lori kwenda nyumbani nikiwa na kurunzi mbili mfukoni. Akko aliiwasha ile kubwa, akafumba macho, akasema, "Hii si taa, ni adhabu. Ngamia watakimbia mpaka Lorian." Ile ndogo aliipenda mara moja, hasa nilipomwonyesha kwamba inakula betri zilizotupwa na majirani. Kabla ya jioni ya pili watoto walikuwa wameniletea kikapu kizima cha betri za taka, na kila mama alitaka yake. Mimi sikuwa na pete hata moja.

Usiku wa tatu fisi alilia upande wa mto. Akko aliketi, akawasha ile ndogo, akaenda nayo kwa mbuzi mwenye mimba aliyekuwa karibu kuzaa. Kubwa alinitupia mapajani.

"Wewe nenda uani," alisema.

Nilisimama kando ya miiba, nikaibonyeza. Mwanga ulivuka ua, ukavuka vichaka, na mbali kule, mahali ambapo mwaka ule tulirusha mawe bila kujua, macho mawili ya kijani yalinitazama, yakasimama, kisha yakageuka.