Bonde la Lambwe: Mbung'o, Bunduki na Korongo

Wasomaji wengi wa nchi ya Nyanza wamepata kusikia jina la Lambwe, na wazee wao walilisikia kwa hofu. Zamani kulitaja bonde hilo kulikuwa kutaja mbung'o, na ugonjwa wa malale, na ng'ombe waliokonda hata wakafa mbele ya wenyewe. Leo bondeni humo mna mbuga ya taifa iitwayo Ruma, na wageni hulipa fedha ili waingie. Yafaa mtu alitembelee, aone jinsi nchi iliyokimbiwa ilivyokuwa nchi ya kutazamwa. Tena yafaa atafakari jambo moja limhusulo kila mkulima na kila mfugaji, yaani: ni nani hasa adui wa shamba na zizi lake?

Safari yaanza mjini Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Karibu na mji umesimama mlima Asego, mfano wa chungu kilichopinduliwa. Msafiri hushika njia ya kwenda Mbita, kisha huiacha na kuelekea kusini. Kwanza hupita katika mashamba ya mahindi, mtama na mihogo. Halafu nchi hufunguka mbele yake, ikawa uwanda mpana wa nyasi ndefu, na migunga imesimama hapa na pale. Upande mmoja waonekana mwinuko wa Kanyamwa, na upande wa pili milima ya Gwassi. Udongo wa humo ni mweusi, nao hunata sana wakati wa mvua. Kwa hiyo mwenye gari dogo na aende wakati wa kiangazi.

Mbuga hiyo ina eneo la kilometa za mraba 120. Ilitengwa kwanza kuwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 1966, na mwaka wa 1983 ikafanywa mbuga ya taifa. Humo mna twiga, pundamilia, nyati, kongoni na taya. Lakini aliye na sifa kuliko wote ni korongo. Msomaji asidhani kwamba namtaja yule ndege mwenye miguu mirefu. Korongo huyu ni mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mwenye rangi ya hudhurungi iliyochujuka, pembe zilizopinda kurudi nyuma, na uso wenye weusi na weupe kama aliyevaa kinyago. Katika nchi nzima ya Kenya, Lambwe ndilo kao la mwisho la korongo wa porini.

Sasa na tusimulie habari ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaua watu zaidi ya laki mbili katika nchi ya Uganda, kando ya ziwa hilohilo, na visiwa vingi vikaachwa bila watu. Mwaka wa 1903 daktari David Bruce na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa ule huchukuliwa na mbung'o. Mbung'o wa pwani ya ziwa hukaa karibu na maji. Bali yule wa Lambwe ni wa aina nyingine, naye hupenda vichaka vizito vyenye kivuli. Hunyonya damu ya mnyama wa porini ambaye ana vijidudu mwilini lakini haugui, kisha huja kumwuma ng'ombe au mtu, na hapo ndipo ugonjwa huanza.

Habari hiyo ilipojulikana, watu wengi wenye mamlaka katika Afrika walisema: "Ikiwa mbung'o hula damu ya wanyama wa porini, basi tuwaue wanyama, naye atakufa njaa." Neno hilo lilionekana kuwa la akili, na wawindaji wakapewa bunduki na risasi. Katika Rhodesia ya Kusini, nchi iitwayo leo Zimbabwe, waliuawa wanyama zaidi ya laki tano kwa muda wa miaka kama arobaini. Huko Zululand, katika Afrika ya Kusini, waliuawa zaidi ya laki moja katika miaka ya 1940.

Hatuwezi kusema kwamba kazi hiyo haikuzaa matunda yoyote. Huko Rhodesia mbung'o alirudishwa nyuma katika sehemu nyingi, na ng'ombe wakaingia mahali ambapo zamani hawakuweza kuishi. Lakini Zululand wanyama walilala chini kwa maelfu, na mbung'o akabaki. Aliyemwondoa hatimaye ni dawa iliyonyunyizwa kwa ndege, baada ya Vita Kuu ya Pili.

Baadaye wataalamu walifanya jambo ambalo lingalifaa kufanywa kwanza. Walimkamata mbung'o mwenyewe, wakaipima damu iliyomo tumboni mwake ili wajue ameinyonya kwa mnyama gani. Wakaona kwamba mbung'o ni mchaguzi sana. Huyu wa Lambwe na ndugu zake hupenda pongo, nguruwe mwitu na ngiri, yaani wanyama wakaao vichakani au karibu na vichaka. Pundamilia na kongoni, ambao hutembea mchana mbele ya macho ya kila mtu, hawagusi ila kwa nadra. Basi wengi katika wale waliopigwa risasi hawakuwa na hatia. Waliuawa kwa sababu walikuwa wengi, wakubwa, tena rahisi kuonekana.

Hapa kwetu Kenya bunduki ilitumika vivyo hivyo katika kufungua nchi mpya. Kati ya mwaka wa 1944 na 1946, sehemu ya Makueni huko Ukambani ilitayarishwa ili watu wahamie. Mwindaji wa serikali aitwaye J. A. Hunter alitumwa kuwaondoa vifaru, naye akawaua karibu elfu moja. Watu walipata mashamba, na mashamba hayo yanawalisha wajukuu wao hata leo. Wala mtu asiwacheke waliohitaji ardhi. Lakini tazama yaliyofuata. Majangili walipokuja na bunduki zao katika miaka ya 1970 na 1980, vifaru weusi wa Kenya nzima walipungua hata wakawa chini ya 400. Na mwaka wa 2012 vifaru walisafirishwa kutoka mbali, wakaletwa Lambwe na kuwekewa walinzi usiku na mchana. Nchi ile ile iliyolipa fedha ili vifaru wauawe, sasa yalipa fedha ili waishi.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake. Huko Marekani, katika nyanda za nyasi ziitwazo prairie, yuko mnyama mdogo wa jamii ya kindi achimbaye mashimo. Wenyeji humwita mbwa wa nyandani kwa sababu ya sauti yake, ingawa si mbwa kamwe. Wafugaji wa huko walimhesabu kuwa mharibifu, wakisema kwamba anamaliza majani ya ng'ombe, na kwamba farasi huvunjika mguu katika mashimo yake. Serikali yao ikatega sumu kwa miaka mingi. Hata leo wako watu wasafirio mwendo mrefu mpaka majimbo kama South Dakota ili kuwapiga risasi kwa mchezo. Huweka meza uwandani, huegemeza bunduki yenye darubini, na kumlenga mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, aliyesimama mbali sana mlangoni mwa shimo lake.

Lakini katika mashimo hayo aliishi mnyama mwingine, kicheche mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake karibu chote ni yule mbwa wa nyandani. Wenye mashimo walipopungua kwa sumu na kwa maradhi ya tauni, kicheche naye akatoweka, na watu wakadhani kwamba amekwisha kabisa duniani. Mwaka wa 1981 mbwa wa mfugaji mmoja karibu na mji wa Meeteetse, katika jimbo la Wyoming, alileta nyumbani kicheche aliyekufa, na hivyo ikajulikana kwamba wachache wamesalia. Kufikia mwaka wa 1987 walikuwa 18 tu, na wote wakashikwa ili wazalishwe vizimbani. Hesabu hiyo ya 18 msomaji aikumbuke, maana inatuhusu.

Turudi bondeni Lambwe. Katika miaka ya 1950 watu walihamishiwa sehemu za bonde, na vichaka vikafyekwa ili mbung'o akose kivuli. Baadaye dawa ilinyunyizwa vichakani. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena kwa ukali, na mwaka wa 1981 ndege zikapita juu ya bonde zikimwaga dawa. Hofu iliwashika watu, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Malale ya aina hii yasipotibiwa huua, na ng'ombe ni benki ya mkulima.

Ushindi ulikuja polepole, na sehemu yake kubwa haikuwa na kishindo. Mmoja wa askari wake ni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi wenye chandarua juu. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, hutua penye weusi akidhani ni kivuli, kisha huruka juu kufuata mwanga na kunaswa. Mkojo wa ng'ombe ukiwekwa karibu humvuta zaidi. Mitego ya namna hii, pamoja na dawa ya kuwapaka ng'ombe, na madaktari wa kuwapima watu, ndiyo iliyomaliza kazi. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale yamekoma kuwa tishio kwa afya ya watu wa Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wenyeji alionekana mwaka wa 2009.

Tena liko jambo la kustaajabisha. Kuro ni mnyama ambaye mbung'o humkimbia kwa sababu ya harufu ya mwili wake. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, ambacho kina tawi lake Mbita karibu na Lambwe, waliichunguza harufu hiyo, wakatengeneza mfano wake. Hutiwa katika kichupa ambacho ng'ombe huvishwa shingoni, na mbung'o humwepuka ng'ombe kama amwepukavyo kuro. Kama kuro wote wangaliuawa zamani kwa kudhaniwa kuwa wanamlisha mbung'o, nani angalitufundisha dawa hiyo?

Lakini korongo wa Lambwe hakunusurika vizuri. Katika miaka ya 1970 walikuwa karibu 200. Mitego ya waya, itegwayo kwa ajili ya nyama, na kupungua kwa makao yao, kuliwamaliza mmoja mmoja. Wanyama wa nchi nzima walipohesabiwa mwaka wa 2021, korongo hawakufika 20. Ni kama wale vicheche wa Wyoming. Wakiisha hapa, mtoto wa Kenya atakayetaka kumwona korongo wa porini itampasa kwenda nchi za watu.

Yote haya hayafuti malalamiko ya mkulima. Nyani huvunja mahindi mchana, viboko wa ziwani na wa Mto Kuja hupanda usiku na kulisha mashambani, na fisi huingia zizini. Kuwinda kulipigwa marufuku katika Kenya mwaka wa 1977, kwa hiyo mwenye shamba hawezi kujichukulia bunduki au kutega waya. Afanye nini? Na apeleke habari upesi kwa maofisa wa wanyamapori walio karibu naye, na aonyeshe hasara kabla haijafutika. Sheria ya mwaka wa 2013 imeweka fidia, na kwa mtu aliyeuawa na mnyama kiasi chake ni shilingi milioni 5. Fidia hukawia, na jambo hilo huwaumiza watu. Lakini asiyeandikisha hana hata la kungojea.

Atokaye Lambwe na aendelee kusini mpaka nchi ya Migori, aone maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, ambayo mwaka wa 2018 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake zilianza kujengwa karne ya 16, bila saruji wala udongo wa kuunganisha, jiwe juu ya jiwe, na urefu wake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Milango ni midogo hata aingiaye hana budi kuinama. Watu wa kale walikuwa na maadui wawili, yaani wavamizi na wanyama wakali, nao waliwajibu wote wawili kwa ukuta mmoja. Usiku ng'ombe walilala ndani, na simba akanguruma nje.

Atakayefunga safari hii na avae nguo za rangi ya kaki, asivae buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wachache wangalipo na rangi hizo huwaita. Na aende na watoto wake, wapate kumwona korongo angali yupo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka mingi watu waliwalenga wanyama wakubwa waliokuwa mbali uwandani, na aliyekuwa akiwala alikuwa mdudu mdogo aliyetua begani. Mkulima aliyepata hasara na amchunguze kwanza aliyemtia hasara, ajue jina lake, chakula chake na mahali alalapo, ndipo achague silaha.