Mafungu ya Maembe

Tangu masomo ya shule ya msingi yalipofanywa ya bure katika Kongo, mwaka 2019, watoto wamekuwa wengi sana madarasani. Katika darasa langu la tatu, juu ya benchi moja, ameketi mtoto ajuaye kugawanya karibu na mwenzake ambaye angali anahesabu kwa vidole. Nitawafundishaje pamoja?

Kwa juma la kugawanya natoa swali moja tu. Mama ana maembe 52, anayapanga mafungu ya maembe 4. Atapata mafungu mangapi? Wengine wanapanga maharagwe mezani, manne manne. Wengine wanachora makumi: maembe 40 ni mafungu 10, na 12 yaliyobaki ni mafungu 3. Wenye kuendelea zaidi nawapa maembe 54, waamue yale mawili ya mwisho yafanyiwe nini. Hapo ndipo kelele huanza!

Kiswahili chenyewe chatusaidia. Asemaye «kumi na mbili» amekwisha kulitaja kumi; neno la Kifaransa «douze» humficha mtoto jambo hilo.

Yuko msichana anayemsaidia mama yake sokoni. Huwarudishia wanunuzi fedha yao bila kukosa, lakini mbele ya ubao alinyamaza, na wenzake walimwita mjinga. Nilimwambia apange maembe kama sokoni. Akajibu 13 kabla ya wenye kalamu. Sasa anajifunza kuandika kile akijuacho: 52 : 4 = 13. Anaandika polepole, anafuta mara nyingi. Kesho tutajaribu 65 kwa 5.