Saini ni Yangu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karani wa bohari katika kiwanda kimoja cha nguo jijini Dar es Salaam alijua bei ya kila robota la pamba lililoingia. Mita moja ya khanga ilikigharimu kiwanda kiasi gani, hilo hakulijua, wala wakubwa zake hawakulijua. Matumizi yote yaligawanywa kwa mita zilizofumwa, basi. Khanga na turubai zikabebeshwa mzigo uleule.

Aliyetaka kuisomea kazi ya kukokotoa gharama aliitazama London. Chama cha wahasibu wa gharama kilikuwapo huko tangu 1919, kikiwa kimezaliwa baada ya vita vilivyoifanya serikali itake kujua risasi na mizinga vinagharimu kiasi gani hasa. Mwaka huohuo Wamarekani nao wakaanzisha chao mjini Buffalo, J. Lee Nicholson akiwa rais wa kwanza. Karani akaagiza vitabu kwa posta. Viwanda vya kwenye mazoezi vilikuwa vya Kiingereza, na hesabu zake za pauni.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limezaa mashirika ya umma mengi, wahasibu wachache. Bunge likatunga Sheria Na. 33 ya 1972, na mwaka uliofuata Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ikaanza kazi.

Karani alifanya mitihani ya bodi, akasajiliwa. Anachokikumbuka zaidi si cheti, ni siku meneja alipomtaka apunguze gharama kwenye karatasi ili faida ionekane. “Samahani, mzee,” alimjibu, “saini ni yangu, na bodi inanijua.” Kabla ya hapo angemjibu kwa kalamu ya risasi na kifutio.

Hata hivyo, gharama hazikupata nyumba yao. India ilikuwa na sheria ya wahasibu wa gharama tangu 1959, na kuanzia 1965 serikali yake iliweza kuagiza gharama za viwanda fulani zikaguliwe. Nchini Tanzania zilibaki somo ndani ya CPA, cheti cha NBAA. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vilipoanza kutumika Julai 2004, semina zikawa za viwango hivyo, na karani wetu, sasa mstaafu, hafichi kwamba zilimchosha.

Siku hizi anafundisha jioni. Baadhi ya vijana wake tayari wana CPA(T), na bado wanafanya mitihani ya chama kilekile cha London, kinachoitwa CIMA tangu 1986: kwa kompyuta, ada kwa pauni.