Pembe za Nyumba ya Mama

Tangu shule ya msingi nazijua pembe. Kali haifiki nyuzi 90, mraba ni 90 kamili, butu imezidi hapo lakini haijafika 180, na ikifika 180 ni mstari ulionyoka. Katika mtihani sikupata kuzikosa. Nilizikosa likizo ya Juni, tena kwa fedha ya mama.

Mama ameuza mahindi miaka mitatu apate kujenga nyumba ya mita 6 kwa 8 huku Bombambili. Fundi ni mjomba wangu. Siku ya kupima msingi alichelewa, nami sikupenda vibarua wawili wakae bure. Nikatoa katika mkebe wangu wa jometri ile pembetatu ya plastiki, nikailaza kwenye kona, nikavuta kamba. Ukuta na mwenzake zikawa mita 8, na nyingine mbili mita 6, zote sambamba. Nikasema, chimbeni!

Mjomba alipofika hakujali pande. Alivuta futi kamba toka kona moja hadi kona ya mkabala: mita 10 na sentimita 24. Ulalo wa pili: mita 9 na sentimita 75.

“Mjomba,” akaniambia (ndivyo tunavyoitana), “nyumba hii imelala upande.”

Kumbe pande zaweza kulingana na mistari ikawa sambamba, umbo likawa msambamba tu, si mstatili. Pembe mbili zilikuwa kama nyuzi 93, na mbili 87. Pembetatu yangu ilikuwa ndogo mno: kosa la nusu sentimita katika kila sentimita 10 jicho halikuliona, lakini mwisho wa ukuta wa mita 8 lilikuwa sentimita 40.

Mjomba alipima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, akasogeza kigingi mpaka kati ya alama zile zikapatikana 5 kamili. Ni kanuni ya Pythagoras, niliyoiandika ubaoni mara nyingi. Yeye aliishia darasa la saba, naye huiita “tatu, nne, tano”. Tukapima lalo upya: 10 na 10.

Mtaro wangu tuliufukia wawili sisi. Mchana mama akaleta ugali, akauliza mbona pale udongo umevurugwa. Mjomba akanyamaza, akawa ananawa mikono. Nikamweleza mwenyewe.