Mwongo Mzima

Mwaka juzi, mapema mwezi Machi, jirani yangu alinijia barazani na ombi dogo. Yeye ni Mwismaili, na jamaa zake huadhimisha Nauruzi kila tarehe 21 Machi, siku zile zile ambazo Wairani na majirani zao huanza mwaka mpya. Alitaka beti nne za Kiswahili zisomwe na wajukuu wake kabla ya chakula. Nilikubali papo hapo. Mstaafu haombwi shairi kila siku.

Wenzangu mnaotunga mtanielewa nikisema kwamba nilianza kwa furaha, nikakwama kwenye neno moja. Nauruzi ni sikukuu ya wakati ambapo baridi ya nchi za kaskazini inakwisha na miti iliyokuwa mitupu inavaa majani. Wakati huo sisi tunauitaje? Wengine husema machipuko, redio za kigeni hupenda mchipuko, na wengine huandika majira ya kuchipua. Hili la mwisho lina mizani nane kamili. Linajaza ukwapi mzima bila kuhitaji kukazwa wala kulegezwa, na mtunzi mvivu hushukuru kupewa ukwapi uliokwisha kupikwa. Nikaliweka kwenye mshororo wa kwanza, nikamwita jirani.

Alisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, majira haya mimi sijapata kuyaona. Nimezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na baba yangu pia. Nauruzi yetu huja na mawingu ya masika."

Alisema kweli. Huko Iran sikukuu hiyo imefungwa na ardhi inayoamka. Siku chache kabla yake watu huotesha ngano sahanini hadi iwe kijani, wakaiweka mezani pamoja na vitu vingine ambavyo majina yake huanza kwa herufi sini, kama vile tufaha, kitunguu saumu na siki. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka huwasha mioto na kuiruka. Siku ya 13 ya mwaka mpya hutoka majumbani kwenda penye miti na maji, wakaitupa ile ngano katika mto. Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kiajemi, mpya na siku. Hakuna mwezi wala mvua ndani yake.

Ndipo nilipokumbuka kwamba sisi tunayo Nauruzi yetu, tena kabla ya jirani yangu na kabla ya babu yake. Watu wa pwani huiita Nairuzi, umbo lililopitia kinywani mwa Waarabu, au Siku ya Mwaka. Makunduchi, kusini mwa Unguja, huiita Mwaka Kogwa. Kogwa ni hali ya kutendwa ya koga. Mwaka unakogwa, kama mtoto aliyecheza vumbini. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na watu hula pamoja. Moto upo, maji yapo. Lakini yote haya hufanyika mwezi Julai, katika kipupwe, wakati upepo wa kusi unavuma na hakuna anayetazamia kuona chipukizi.

Kwa nini Julai? Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, basi. Hauongezi ile siku moja ya kila mwaka wa nne, hivyo hurudi nyuma polepole ukilinganishwa na jua. Nilikaa na kalamu na karatasi. Kutoka Machi kurudi nyuma hadi Julai ni kama siku 240, na kwa mwendo wa siku moja kila miaka minne tunapata karibu miaka 1000. Siwezi kusema nani aliileta Nairuzi pwani wala lini. Nasema tu kwamba hesabu iliyoachwa ijiendee ilianza na maua ikafika kwenye kipupwe, na watu wakaendelea kuikoga.

Katika kuhesabu huko nilikutana na neno lililonitia aibu. Mwaka ule wa pwani haukugawanywa kwa miezi. Uligawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36, kisha siku tano za kumalizia. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, na nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga. Neno lenyewe ni la Kibantu, na maana yake ni kumi tu. Wakikuyu hadi leo huita ishirini mĩrongo ĩĩrĩ, yaani makumi mawili. Sisi tulipochukua ishirini na thelathini kutoka Kiarabu, mwongo ulikosa kazi ya kuhesabu vitu ukabaki na kazi ya kuhesabu siku. Baadaye wasomi tuliuajiri upya kuhesabu miaka, tukausahaulisha kazi ya zamani. (Wapo wanaouandika muongo ili usifanane na yule mwongo wa waongo. Sina ugomvi nao.)

Aibu yangu ni hii. Mwaka 1987 nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya pwani, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, na kalamu nyekundu ilikuwa bado inanifurahisha. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa wavuvi, aliandika insha kuhusu kilimo cha kwao. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: mvua ilichelewa mwongo mzima, na babu akakataa tusipande. Nilipiga mstari chini ya mwongo, nikaandika pembeni: "Miaka kumi? Mngekuwa hai? Fikiri kabla ya kuandika." Nikampunguzia alama, na kwa kuwa niliiona sentensi hiyo inachekesha, nikaisoma mbele ya darasa.

Darasa lilicheka. Yeye alisimama akasema, kwa adabu kabisa, "Shikamoo mwalimu, ni siku kumi." Nikamwambia aende akatazame kamusi. Mimi mwenyewe sikwenda. Ningekwenda, ningekuta katika kamusi za zamani maana aliyoitumia, na ningejua kwamba nyumbani kwao kulikuwa na mzee ambaye bado aliushika mwaka kwa vidole. Ningeweza kupanda baiskeli Jumamosi moja nikamsikilize. Nilikuwa na baiskeli. Mzee huyo hakika amekwisha kufariki, na kijana sasa ni mtu wa makamo. Jina lake nalikumbuka, lakini alipo sipajui.

Nilizifuta beti zote nne nikaanza upya. Majira ya kuchipua nikayaondoa, ingawa mizani yake iliniuma kuiacha. Nikaweka masika, mizani tatu tu, nikahangaika kutafuta tano za kujaza pengo. Ubeti wa pili niliupa ngano ya sahanini, wa tatu kibanda kinachoungua Makunduchi, na katika wa nne nikautia mwongo kwa maana yake ya siku kumi, bila maelezo. Mjukuu mkubwa alipofika hapo aliinua macho akaniuliza kama si kosa la chapa. Nikamwambia asome kama ilivyo.

Tulikula uani, chini ya mawingu mazito, tukiwa tumetayarisha turubai. Hata tone halikudondoka, wala kesho yake. Mvua ilichelewa mwongo mzima.