Nani Hajalipa?

Nyumba ninayoishi iko Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu, imebanwa na maghorofa kila upande kama mtoto aliyepakatwa kwenye daladala iliyojaa. Ni nyumba ya Kiswahili ya zile za zamani: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kwenye jiko, bafu na choo. Nyumba za namna hii zinazidi kupungua mtaani kwetu. Kila mwaka moja inawekewa uzio wa mabati, na ukirudi baadaye unakuta ghorofa lenye maduka ya mikoba chini.

Nyumba ya Kiswahili haimfichi mtu. Mwenzako akikohoa saa nane usiku, asubuhi unamuuliza kama ameamkaje. Chakula cha kila chumba kinajulikana kwa harufu kabla hakijaiva. Na juu ya yote kuna LUKU, mita moja ya umeme kwa vyumba sita. Tunajua wote kirefu chake, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ila hakuna aliyewahi kutueleza utajuaje umetumia kiasi gani ikiwa mita ni moja na watu ni kumi na wawili. Kwa hiyo tulijitungia sheria. Mwenye friji anatoa zaidi. Mwenye pasi anatoa kidogo zaidi. Mwenye taa na feni anatoa kiwango cha kawaida. Na aliyekwama mwezi huo anasema, "Jamani nibebeni," tunambeba, tunamsema kidogo, yanaisha.

Nayaeleza haya kwa sababu tulipoamua kuvuta intaneti ya waifai mwanzoni mwa 2024, nilidhani ni jambo jipya kabisa. Mimi ndiye niliyelianzisha. Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya watu, na bando lilikuwa linanimalizia hela. Mara ngapi nimefungua tahakiki ndefu ya riwaya, nikafika katikati, ukurasa ukagoma! Nikaitisha kikao uani. Nikawaambia: kuna kampuni inaleta waya mpaka mlangoni, elfu sitini kwa mwezi, bila kupimiwa. Vyumba sita, elfu kumi kila chumba. Kila mmoja wetu anatupa zaidi ya hiyo kwenye vocha.

Mwalimu wa chumba cha pili alikubali palepale. Wanafunzi wawili wa chuo walikubali kabla sijamaliza. Mama wa friji, anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, aliuliza hicho kidude kitakula umeme kiasi gani. Swali la haki. Nikapiga hesabu mbele yake: rauta ya wati 10 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inakula yuniti 7.2. Akasema sawa, ila iandikwe. Kijana wa chumba cha tano, anayetandaza soksi Mtaa wa Kongo, akasema, "Mimi nipo, kaka."

Akabaki Bi Mkubwa wa chumba cha tatu, mkaazi wa siku nyingi kuliko sisi sote. Akanyanyua kitochi chake. "Mwanangu, hiki kinaingia humo?" Nikamwambia hakiingii. "Sasa nilipie nini?" Wote tukacheka, tukamwondoa kwenye hesabu. Wengine tukawa tunatoa elfu kumi na mbili.

Fundi wa kampuni alivuta waya, akaiweka rauta chumbani kwangu karibu na dirisha, akaondoka. Jioni ikajulikana kwamba nimejinunulia waifai yangu mwenyewe. Chumba cha mbele walipata mstari mmoja, wanafunzi hawakupata kitu. Nikakaa kujifunza. Rauta yetu ina masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Haya ya pili yana kasi lakini yanachoka upesi yakikutana na ukuta. Ya kwanza ni ya polepole ila yanafika mbali. Nikajifunza kwamba chuma huyarudisha mawimbi na maji huyanyonya, ndiyo maana aliyekaa nyuma ya simtanki uani alikuwa hapati kitu. Nikapima hewa kwa programu ya simu, nikakuta mitandao zaidi ya ishirini kutoka maghorofani, mingi imerundikana kwenye chaneli moja kama wachuuzi waliogombea kona. Nikahamia chaneli iliyokuwa na nafasi.

Mahali pazuri pa kuiweka palikuwa katikati ya korido, juu kabisa. Na katikati ya korido ni juu ya mlango wa Bi Mkubwa. Soketi ya karibu ilikuwa ndani kwake. Nikaenda kupiga hodi. "Shikamoo Bi Mkubwa." "Marahaba, pita." Nikamweleza. Hakuuliza hata swali moja. Akasogeza kabati mwenyewe, tukapitisha waya kwenye upenyo wa juu ya mlango. Kwa hiyo mtu pekee asiyetumia intaneti ndiye aliyekuwa na swichi yake kitandani.

Wiki za mwanzo zilikuwa sikukuu. Jina la mtandao lilileta ubishi, maana nyumba ina Simba na Yanga, tukaishia kuuita Korido. Nilisahau kubadilisha neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya rauta, lile la kiwandani ambalo dunia nzima inalijua, na siku mbili baadaye tukaamka mtandao unaitwa Yanga Bingwa. Nikacheka, nikalibadilisha, na tangu hapo funguo zikawa kwangu peke yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Ukiingia kwenye mipangilio unaona kila simu iliyounganishwa: jina lake, imeingia saa ngapi, imevuta kiasi gani. Nilianza kuangalia kila usiku kabla ya kulala. Nilimjua mwanafunzi anayekesha, nikamjua mwalimu anayetazama tamthilia za Kituruki. Na Aprili, mvua zilipoukalia mji, nikaona kwamba kijana wa soksi hajaleta mchango na bado simu yake imo. Nikamkumbusha koridoni. Akasema, "Kesho, kaka." Kesho ikawa wiki. Usiku mmoja nikabonyeza kitufe, simu yake ikatoka. Ilichukua sekunde tatu. Sikumwambia mtu, na nakiri nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetenda haki bila kupaza sauti.

Kijana hakusema lolote. Akaanza kupita koridoni haraka, ameinamisha kichwa. Nikalihesabu hilo kuwa ushahidi.

Zikapita Ijumaa mbili. Jumamosi nimeketi barazani, Bi Mkubwa akatoka akakaa karibu yangu.

"Mwanangu, kile kidude chako kinaumwa?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Kinafanya kazi."

"Naona taa zinawaka. Nikadhani labda zinawaka tu. Ijumaa mbili sijamwona mwanangu."

Ndipo nikaelewa. Binti yake anafanya kazi za ndani Muscat. Kila Ijumaa akipata nafasi anajirekodi video, anamtumia mama yake kupitia simu ya kijana wa soksi. Baada ya swala kijana anamletea, wanakaa wote kwenye kizingiti chini ya rauta, video inashuka, Bi Mkubwa anatazama, halafu anarekodi sauti yake ya majibu. Zamani alikuwa anatumia bando lake kijana mwenyewe. Waifai ilipokuja, akapata ahueni. Mwezi ule mzigo wake wa soksi ulilowa kwenye mvua, hela yote ikaozea humo, na bando nalo hakuwa nalo. Alimwambia Bi Mkubwa kwamba mtandao ni mbovu. Hakutaka kumwambia kwamba amefungiwa, wala kwamba aliyemfungia ni mimi.

Niliingia ndani nikamrudisha. Sekunde tatu zilezile. Kisha nikaenda kugonga mlango wa chumba cha tano. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini alipofungua nilisema tu, "Leta simu, twende kwa Bi Mkubwa."

Video mbili zikashuka. Ya kwanza ilikuwa salamu tu, anaonyesha viatu alivyonunua. Ya pili binti hakuonyesha kitu. Alikuwa amesogea karibu na simu, anasema kwa sauti ya chini, "Mama, mbona kimya? Unaumwa? Kama unaumwa waambie waniambie." Bi Mkubwa aliitazama mara tatu. Halafu akashika simu kama anavyoshika kitochi, akaileta mdomoni, akarekodi: "Siumwi, mwanangu. Mtandao ulikuwa mbovu."

Nilikuwa nimesimama pale pale, chini ya rauta niliyoitundika mwenyewe, inayokula umeme kwenye soketi yake. Wiki mbili zile, angetaka, angezima swichi nyumba nzima ikose. Hata wazo hilo nadhani halikumjia.

Kazi yangu ni maneno, kwa hiyo niliondoka na maneno. Kupanga ni kukodi chumba, na kupanga ni kuweka vitu katika utaratibu. Sote sita ni wapangaji kwa maana ya kwanza. Mimi nilijipa maana ya pili bila kuombwa. Kwenye LUKU tulikuwa na neno letu, "nibebeni," na lilitosha. Kwenye waifai sikuliacha neno hilo lipate mahali pa kusemwa, kwa kuwa kitufe kilikuwa chepesi kuliko mazungumzo. Kuingia chumbani kwa mtu sharti upige hodi. Mimi niliingia kwenye simu yake bila hodi.

Tulikaa tena uani. Nikasema nilichofanya. Mama wa friji alinisema, na alinisema vizuri. Tukakubaliana hatolewi mtu bila kugongewa mlango kwanza, na funguo za mipangilio sasa ninazo mimi na mwalimu. Bi Mkubwa akataka kuanza kuchangia. Tukakataa, tukamwambia yeye ndiye mwenye soketi.

Kisha ikaja Jumapili ya Mei 12, 2024. Intaneti ikazorota nyumba nzima, kisha tukasikia ni mji mzima, kisha nchi nzima na za jirani. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika baharini kule Afrika Kusini. Hii SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wengi wetu hatukuwahi kufikiri kwamba tahakiki zetu na video za Muscat zinapita kwenye uzi uliolala chini ya maji. Watu wa vyumba vyote walijaa koridoni, wananitazama mimi kwanza. Nikainua mikono juu: safari hii siyo mimi.

Nikawaeleza habari ya nyaya, zilivyolala, zinavyotumiwa na nchi nyingi kwa pamoja, na kwamba zikikatika inabidi meli iende kuzitafuta na kuziunga. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea mlango wake.

"Kwa hiyo na huko baharini ni mita moja," akasema. "Sasa nani hajalipa?"